KUKUA KWA MAKAO MAKUU DODOMA: FUNZO LA MAAMUZI MAWILI YA MWAKA 1973

Katika mwaka 1973 Chama cha TANU kilitoa maamuzi mawili yaliyohusu kuhama. Tarehe 1 Oktoba iliamuliwa kwamba Makao Makuu ya Serikali yahame Dar es Salaam na kwenda Dodoma, na kazi hiyo ikapangiwa miaka kumi. Mwezi uliofuata, Novemba, ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wamekwisha hamia vijijini.

Uamuzi wa pili ulitekelezwa. Kufikia mwaka 1977 Serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyoandikishwa. Uamuzi wa kwanza ulingoja. Waziri Mkuu alihamia Dodoma mwezi Septemba 2016, yaani miaka 43 baadaye, na Rais akafuata mwaka 2019.

Mkulima alihama katika miaka mitatu. Ofisa wa wizara alihama baada ya zaidi ya miaka arobaini. Wote wawili walikuwa raia wa nchi moja, na maamuzi yote mawili yalitoka katika Chama kimoja, katika mwaka mmoja. Tofauti hii inatupasa tuieleze, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo historia ya kweli ya mji wa Dodoma, na ndimo yalimo pia maswali ambayo mji huo utalazimika kuyajibu kadiri unavyozidi kukua.

Katika makala hii tutautazama mji huo kutoka nyanda za juu za Kigoma, katika Wilaya za Kasulu na Kibondo, na hasa kutoka kata ya wakulima ya Kitanga iliyoko Wilaya ya Kasulu. Tumechagua hivyo kwa makusudi. Anayeitazama Dodoma kutoka Dar es Salaam huona zaidi kile alichokiacha nyuma. Anayeitazama kutoka Kitanga hana alichokiacha. Yeye anauliza jambo moja tu: je, Serikali imenisogelea?

Mji mkuu ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba mji mkuu ni mahali penye Ikulu, Bunge na wizara. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Majengo ni ganda. Kilichomo ndani ya ganda ni uwezo wa kuamua: nani atajengewa barabara, zao gani litapewa bei gani, ardhi ipi ni ya hifadhi na ipi ni ya kulima. Mji mkuu ni mahali ambapo uwezo huo umekusanywa, na mahali hapo pakishachaguliwa hujenga mazingira yake. Karani hutaka nyumba, mwenye nyumba hutaka kodi, mfanyabiashara hutaka kuwa jirani na anayetoa kibali, na mabalozi hutaka kuwa jirani na Waziri. Hatimaye hutokea kundi kubwa la watu ambao maslahi yao yamefungamana na mahali pale. Wenye maslahi hayo hawatahama kwa kuombwa.

Kwa hiyo kuhamisha mji mkuu ni kazi ya siasa kabla ya kuwa kazi ya ujenzi. Mwashi anaweza kujenga ofisi kwa mwaka mmoja. Kuvunja mafungamano ya maslahi ni kazi nyingine kabisa.

Urithi wa pwani

Dar es Salaam haikuchaguliwa na Watanganyika. Wajerumani walihamishia utawala wao hapo mwaka 1891 kutoka Bagamoyo, na sababu yao ilikuwa bandari. Mkoloni alihitaji mlango wa kutolea mali, na ofisi yake akaiweka mlangoni. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ilijengwa ili kufyonza mali ya bara na kuipeleka pwani, na kila kituo kilipata umuhimu kwa kadiri ya kile kilichopakiwa hapo.

Je, Kigoma ilipakia nini? Sehemu nyingine zilipakia pamba, katani au kahawa. Nyanda za Kasulu na Kibondo zilipakia watu. Kahawa ilikuwapo, lakini shehena kubwa ya Buha chini ya Mwingereza ilikuwa nguvu za vijana. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa haba vijijini. Maajenti wa SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge cha kutafuta vibarua, wakaja kuandikisha manamba. Waha wakasafirishwa hadi Tanga na Morogoro, wengine wakarudi baada ya mkataba, wengine hawakurudi. Treni iliyowachukua ilipita Dodoma, kituo kidogo katikati ya nchi kavu ya Wagogo.

Hivyo basi, sehemu hizi mbili zilikuwa na hali moja mbele ya mkoloni. Ugogo ilikuwa nchi ya kupita na ya njaa za mara kwa mara. Buha ilikuwa ghala la vibarua. Zote mbili zilitawaliwa kutoka mlangoni. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 bendera ilibadilika, lakini mlango ulibaki pale pale, na ofisi ikabaki mlangoni.

Maamuzi mawili

Wazo la kuhamisha makao makuu halikuanza mwaka 1973. Mwaka 1966 hoja hiyo ilifikishwa Bungeni ikakataliwa, na sababu kubwa ilikuwa gharama. Kilichobadilisha mambo ni Azimio la Arusha la mwaka 1967 na siasa ya kujenga nchi kuanzia vijijini. Taifa linalosema kwamba uti wa mgongo wake ni mkulima lingewezaje kuendelea kutawaliwa kutoka gati la mkoloni? Suala hilo likapelekwa katika matawi ya TANU nchini kote lijadiliwe, na matawi yaliyokubali yakawa mengi kuliko yaliyokataa. Tunalitaja hili kwa sababu mara nyingi husahauliwa: Dodoma ilichaguliwa baada ya mjadala wa wanachama. Ilipendelewa kwa kuwa iko katikati ya nchi, iko penye reli na penye njia panda ya barabara kubwa, na iko katika mkoa maskini ambao ungeinuliwa na kazi hiyo.

Mwaka huo huo 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wengi waliifahamu kwa jina la CDA. Mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu wa mji, uliotengenezwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Makada wanafaa kuujua mpango huo, kwani ulikuwa na fikra ndani yake. Ulikataa mji wa minara na sanamu kubwa kubwa. Ulitaka mji uliotandazwa baina ya vilima, wenye mitaa inayojitosheleza kwa shule, zahanati na maduka, na msingi wa kila mtaa ukiwa nyumba kumi kumi, sawa na mfumo wa mabalozi wa Chama. Watu wangetembea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mabasi yenye njia zake, na mashamba na miti ingeingia hadi ndani ya mji. Kwa maneno mengine, Dodoma ingekuwa kijiji kikuu katika nchi ya vijiji.

Sasa tuutazame uamuzi wa pili. Dodoma yenyewe ilikwisha kuuonja mapema, kwani Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 iliwakusanya Wagogo katika vijiji. Operesheni Kigoma ikafuata mwaka 1972. Katika Kasulu na Kibondo watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika katika milima na mabonde, kila mji na mgomba wake, waliamriwa kushuka penye barabara. Malengo yalielezwa nayo yalikuwa mema: shule, maji, zahanati, kilimo cha pamoja. Lakini utekelezaji ulikuwa wa haraka, na mahali pengi ulikuwa wa nguvu. Nyumba zilibomolewa kabla nyingine hazijajengwa. Migomba na mibuni iliachwa nyuma, na kila mkulima anajua kwamba mbuni haubebwi kichwani. Katika sehemu kadhaa za nchi ardhi mpya haikutosha au haikufaa.

Hatusemi hayo ili kubeza lengo la vijiji. Tunayasema ili tupime. Mkulima aliyeambiwa ahame hakuulizwa kama watoto wake wamepata shule huko aendako. Hakupewa posho ya uhamisho. Hakuambiwa angoje bajeti. Ofisa alipewa haki zote hizo, na juu yake akapewa miaka.

Miaka 43 ya kungoja

Wakati mwingine ucheleweshaji wa Dodoma huelezwa kwa ukosefu wa fedha peke yake. Maelezo hayo yana ukweli. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwishoni mwa mwaka 1973. Ukame wa miaka iliyofuata ulilazimisha nchi itumie fedha za kigeni kununua chakula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikabidi ijenge upya mashirika yaliyokuwa ya pamoja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba iliyosalia. Kisha yakaja masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ambayo yaliitaka Serikali ipunguze matumizi. Nchi iliyokuwa katika hali hiyo isingeweza kujenga mji mzima.

Hata hivyo, tujiulize: katika miaka hiyo yote, je, Serikali haikujenga ofisi popote? Ilijenga. Majengo ya wizara na mashirika ya umma yaliendelea kuinuka Dar es Salaam, na kila jengo lililoinuka lilikuwa hoja mpya ya kutohama. Fedha ilikuwa haba, lakini ile iliyopatikana ilielekea kule ambako maslahi yalikuwako.

Maslahi hayo yalizidi kuota mizizi kadiri miaka ilivyopita. Miiko ya Uongozi ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Tangu hapo kiongozi na ofisa waliweza kwa halali kuwa na nyumba, hisa na biashara, na mahali penye faida ya vitu hivyo palikuwa Dar es Salaam. Mtu mwenye nyumba mbili za kupangisha Kinondoni hatapiga kura ya kuhamia Dodoma, hata kama mdomo wake unaitaja Dodoma katika kila hotuba.

Matokeo yake yalikuwa mji wa vikao. Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, kiliweka makao yake makuu Dodoma, na ukumbi wa Chimwaga ukawa mahali pa mikutano yake mikubwa. Bunge lilianza kukutana Dodoma mwaka 1996, na jengo lake jipya likafunguliwa mwaka 2006. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Haya yalikuwa mafanikio, na mji ulipata uhai. Lakini wakati wa Bunge nyumba za kulala wageni zilijaa, na Bunge likiahirishwa msururu wa magari ulirudi pwani. Dodoma ilikuwa ikitembelewa na Serikali.

Katika kipindi hicho CDA ilishika ardhi yote ya mji, na mwananchi alikodishwa kwa hati ya miaka 33. Nia ya awali ilikuwa njema, yaani kuzuia walanguzi wasiile ardhi ya makao makuu kabla mji haujajengwa. Lakini mji ulipokawia kuja, chombo kilibaki na mamlaka yake, na vijiji vya Wagogo vilivyoingizwa ndani ya mipaka ya mji vikajikuta katika migogoro ya viwanja na fidia isiyokwisha. Chombo kilichoundwa kuzuia unyonyaji wa ardhi kikawa kwa wakazi wengi ndicho mwenye nyumba wao. Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli alikivunja, na kazi zake zikapelekwa kwa mamlaka ya mji.

Wengine walivyofanya

Tanzania si nchi ya kwanza kujenga mji mkuu kwa kupanga, na makada wanafaa kujifunza kwa wengine bila kuwaiga.

Brazil ilizindua Brasília mwaka 1960 baada ya ujenzi wa miaka isiyozidi minne. Mji ulisimama na dunia ikaustaajabia. Lakini wafanyakazi walioujenga hawakuwa na nafasi ndani yake, wakaishia katika miji ya pembeni. Kasi ilipatikana, usawa haukupatikana.

Malawi ilihama kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Ilifanikiwa kwa muda mfupi kuliko sisi, lakini sehemu muhimu ya fedha ilikuwa mkopo wa utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Nchi nyingine za Afrika zilikuwa zikiugomea utawala huo wakati Malawi ikiukopa. Mji mkuu una bei ya fedha, na una bei ya siasa pia.

Nigeria iliamua mwaka 1976 kujenga Abuja katikati ya nchi, ikahamia Desemba 1991. Ilikuwa na mafuta. Hata hivyo wenyeji wa mahali hapo, Wagbagyi miongoni mwao, waliondolewa katika ardhi yao na madai yao ya fidia yameendelea kwa miaka mingi, na watu wa kipato kidogo wamesukumwa nje ya mji wasioweza kuulipia.

Karibu zaidi na Kitanga, ng'ambo ya mpaka, Burundi ilipitisha mwaka 2019 kwamba Gitega ndiyo mji mkuu wa siasa, na Bujumbura ikabaki kuwa mji wa biashara. Wakulima wa Kasulu na Kibondo, ambao wana ndugu na masoko pande zote mbili za mpaka, wanaweza kulifuata jambo hilo kwa karibu kuliko sisi tulio mbali.

Funzo la jumla ni kwamba ugumu wa kuhama ni wa aina mbili. Aina moja ni ya fedha na saruji, na nchi yenye mafuta au mkopo huweza kuishinda. Aina ya pili ni swali la nani analipa na nani anafaidi. Hiyo haishindwi kwa fedha.

Dodoma ya sasa

Tarehe 23 Julai 2016, katika Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM uliomchagua kuwa Mwenyekiti, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kabla ya muhula wake kwisha. Safari hii utekelezaji ulifuata. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alihamia mwaka uliofuata. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa Makao Makuu, ili uamuzi usitegemee tena utashi wa kiongozi mmoja. Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa Aprili 2019. Ikulu mpya ya Chamwino ilifunguliwa Mei 2023.

Watu wamefuata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Ongezeko hilo ni la zaidi ya asilimia 80 katika miaka kumi. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa ya siku nzima ikawa ya saa chache.

Huo ndio ukuaji wa mji. Lakini kada hapaswi kuridhika na takwimu za ukuaji bila kuuliza unakua kwa nguvu gani na kwa gharama ya nani.

Kwanza ni maji. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake ni ya miezi michache kuanzia Desemba, na chanzo kikuu cha maji ya mji kwa miaka mingi kimekuwa visima vya bonde la Makutupora. Maji ya chini ya ardhi hayaongezeki kwa sababu wizara imehamia. Kila mtaa mpya ni ndoo mpya inayoteremshwa katika kisima kile kile, na mgawo ukija huanza kwa wanyonge.

Pili ni ardhi. Baada ya mwaka 2017 viwanja vilipimwa kwa wingi, na mauzo ya viwanja yakawa chanzo kikubwa cha mapato ya Halmashauri ya Jiji. Hapo pana hatari. Halmashauri inayoishi kwa kuuza viwanja itatamani kupima hata shamba ambalo mwenyewe bado analilima. Mgogo aliyehamishwa mwaka 1971 kwa ajili ya kijiji anaweza kujikuta wajukuu wake wakihamishwa tena kwa ajili ya mji, na mara hii mnunuzi akiwa mtu mwenye nyumba mbili Kinondoni.

Tatu ni sura ya mji wenyewe. Mpango wa 1976 ulitaka mitaa ya watembea kwa miguu na mabasi. Mji unaokua sasa unatandazwa mbali, na asiye na gari au pikipiki hulipa nauli kubwa kufika Mtumba kutoka pembeni. Fikra ya kijiji kikuu isiachwe kabatini kwa sababu tu karatasi zake zimechakaa.

Kipimo cha Kitanga

Turudi sasa katika nyanda za juu. Je, Serikali imemsogelea mkulima wa Kitanga?

Kwa kilomita, ndiyo. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa takriban kilomita 1,250, na Dodoma iko ndani ya safari hiyo, zaidi ya theluthi moja ya njia kutoka pwani. Mwakilishi wa kijiji anayekwenda wizarani anaokoa siku na nauli. Mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260 hivi, imekuwa ukombozi kwa wilaya ambazo zamani zilikatika kila masika. Hayo ni mambo ya kweli, na wananchi wanayaona.

Lakini kilomita ni sehemu ndogo ya umbali. Umbali mkubwa zaidi upo baina ya anayeathirika na anayeamua. Mfano wake upo Kasulu yenyewe. Kwa miaka mingi wakulima wa eneo la Kagera Nkanda walikuwa katika mgogoro na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini. Vikao vya kijiji, vya kata na vya wilaya vilikaa. Jambo lilipata mwanga mwaka 2017, Rais alipopita Kasulu ziarani na kutoa neno. Tunashukuru neno lilitolewa. Lakini nchi ambayo shamba la mkulima linangoja msafara wa Rais upite, makao yake makuu yako mbali, hata yangejengwa Kasulu mjini.

Makada wakumbuke kwamba mwaka mmoja tu kabla ya uamuzi wa Dodoma ulitolewa uamuzi wa Madaraka Mikoani, Julai 1972. Maamuzi hayo mawili yalikuwa pacha. Moja lilisogeza makao makuu katikati ya nchi, jingine lilisogeza madaraka kwenye mikoa. Lakini Madaraka Mikoani yalipeleka mikoani maofisa, na papo hapo halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa. Ofisi zilisogea, uwezo wa wananchi kuamua ukapungua. Kosa hilo lilionekana, na sheria za mwaka 1982 zikarudisha Serikali za Mitaa. Funzo lake lingali bichi: urasimu unaweza kuhama kutoka pwani hadi bara na ukabaki kuwa urasimu.

Kazi ya kada

Kutokana na maelezo hayo, tunaona mambo manne yanayowahusu makada na vijana wanaojifunza uongozi.

La kwanza ni kuifundisha historia ya Dodoma kwa ukamilifu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba makao makuu yalichelewa kwa sababu ya umaskini tu anafichwa nusu ya habari. Aelezwe pia juu ya maslahi, juu ya majengo yaliyoinuka kwingine, na juu ya mkulima aliyehamishwa katika msimu mmoja.

La pili ni kulinda ardhi ya wenyeji wa Dodoma. Fidia ilipwe kabla ya shamba kupimwa, na mwenye shamba apewe nafasi ya kuishi ndani ya mji unaojengwa juu ya ardhi yake. Abuja imekwisha tuonyesha mwisho wa njia nyingine.

La tatu ni kuupa nguvu mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa uwezo juu ya ardhi ya kijiji. Uwezo huo hufa pale ambapo wanakijiji hawaujui, au pale ambapo mtendaji huuliza wilaya kabla ya kuwauliza wao. Kada wa Kitanga anayewasomea wanakijiji sheria hiyo, kifungu kwa kifungu, anafanya kazi ya kuhamisha makao makuu kuliko fundi anayemwaga zege Mtumba.

La nne, nalo ndilo msingi wa yote, ni kwamba uamuzi wa Taifa uwe na uzito mmoja kwa wote. Kila mpango wa kuhamisha watu, uwe wa bwawa, hifadhi, reli au mji, uulizwe swali moja kabla ya kupitishwa: je, masharti tunayompa mkulima huyu, ya muda, fidia, shule na nyumba, ndiyo yale yale tungejipa sisi wenyewe kama tungekuwa tunahama? Kama jibu ni hapana, mpango urudishwe ukatengenezwe upya.

Dodoma sasa ni makao makuu kwa sheria na kwa vitendo. Watoto wanazaliwa humo ambao hawatajua kwamba kulikuwa na mabishano. Hilo ni jema. Lakini deni la mwaka 1973 halijalipwa lote. Ofisa amekwisha hama. Aliyehama kabla yake, wa Kasulu, wa Kibondo na wa Ugogo, bado anangoja zile ahadi alizopewa siku alipouacha mgomba wake mlimani: maji, zahanati yenye dawa, na sauti katika mambo yanayomhusu. Kukua kwa makao makuu kupimwe kwa kulipwa kwa deni hilo.